Mama Kaniuliza: Hiki Ni Kitabu cha Mapenzi au cha Polisi?

Safari hii nimeombwa niandike kuhusu vitabu, na nikaona badala ya kuwaletea uchambuzi mkavu kama wa darasani niwaeleze swali nililoulizwa na mama mmoja wa Kikongo hapa Louisville, swali ambalo sikuwa na jibu lake tayari.

Jumamosi nyingi huwa nasoma na mabinti watano sita wa sekondari kwenye tawi la Iroquois la maktaba ya mji, pale barabara ya Woodlawn. Mmoja wao, ana miaka kumi na sita, alipeleka nyumbani riwaya niliyomwazima. Mama yake akaikuta chini ya mto. Jumapili nikapigiwa simu niende. Nikafika, shikamoo mama, marahaba (kaishi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi, shikamoo anaijua vizuri), chai ikaja, halafu kitabu kikawekwa mezani katikati yetu kama kidhibiti mahakamani.

"Dada, hii kitabu iko ya nini? Ya mapenzi ao ya polisi?"

Nikasema yote mawili, mama. Akaniangalia tu. Nikajua leo kazi ipo.

Kwa msioijua Louisville, watu wa hapa hugawa mji wao kwa pande: West End, East End, South End. South End ndiko kuliko na Churchill Downs, uwanja wa farasi wanakokimbizia Kentucky Derby tangu mwaka 1875, na bustani kubwa ya Iroquois yenye kilima na msitu, na ukisogea kidogo kuna uwanja wa ndege, ambako kampuni ya UPS ina kituo chake kikubwa kuliko vyote. Ule msemo wetu wa "kubeba boksi" hapa si msemo. Wanafunzi kibao wanabeba boksi kweli, usiku kucha, asubuhi wako darasani wanasinzia. Na ndiko wageni wengi wanakoanzia maisha, kwa sababu nyumba ni za bei nafuu kidogo na kazi ziko karibu: Wakuba, Wavietnamu, Wasomali, Warundi, na siku hizi Wakongo wengi. Tangu mwaka 2016 hadi 2024 karibu kila mwaka Kongo iliongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na sehemu yao walishukia hapa. Ukipita Taylor Boulevard au Southside Drive unasikia Kiswahili dukani, cha Bukavu na cha Uvira.

Sasa turudi kwenye kitabu. Kinaitwa City of Saints & Thieves, kimetungwa na Natalie C. Anderson na kilitoka mwaka 2017. Kiko kwenye lile kundi ambalo Wamarekani wenyewe huliita kwa herufi mbili, YA, yaani riwaya za vijana wa kati ya miaka kumi na miwili na kumi na minane hivi, ingawa watu wazima nao wanazinunua sana. Mhusika mkuu huwa na umri wa msomaji wake au anamzidi kidogo, mara nyingi anasimulia mwenyewe kwa "mimi", na jambo linalomkuta ni la mara ya kwanza: pendo la kwanza, msiba wa kwanza, mara ya kwanza kugundua kwamba wazazi wanadanganya. Wengi wanaanzia hesabu kwenye The Outsiders ya S. E. Hinton, iliyochapishwa 1967 mwandishi mwenyewe akiwa na miaka kumi na minane. Binti wa Tulsa, Oklahoma, aliona hakuna kitabu kinachowasema vijana wa shule yake, akaandika.

Ndani ya kundi hilo kuna tawi la mapenzi na tawi la upelelezi, na kuna vile vinavyochanganya. Hivi vya kuchanganya ndivyo mama aliniuliza, na ndivyo nataka kuvieleza, maana si kwamba mtu kachukua vikombe viwili akamimina kwenye sufuria moja. Kuna ufundi wake.

Chukua hicho cha Anderson. Tina, miaka kumi na sita, alikimbia Kongo na mama yake, wakafika Kenya, mji wa kubuni uitwao Sangui City. Mama akapata kazi ya ndani kwa tajiri mmoja wa madini, Bwana Greyhill. Siku moja mama akakutwa ameuawa ndani ya nyumba ya huyo tajiri. Tina akaingia mtaani, akawa mwizi katika genge la Goondas, na mdogo wake Kiki yuko shule ya masista. Anachosubiri Tina ni siku ya kulipiza, kwa sababu yeye ana hakika aliyeua ni Greyhill. Usiku anaingia kuiba katika jumba lile. Na anayemkamata ni Michael, mtoto wa Greyhill, ambaye walikua pamoja na kucheza pamoja. Michael anasema baba yangu hakuua. Basi wanawekeana ahadi: tutafute ukweli wote wawili.

Umeona kitu hapo? Kijana ambaye moyo unaweza kumwelekea ni mtoto wa mshukiwa. Kila ushahidi unaopatikana unavuta pande mbili. Ukimwelemea baba, Tina anapata haki ya mama yake na anampoteza Michael. Ukimsafisha baba, anabaki na Michael lakini chuki iliyomweka hai miaka yote inakosa pa kusimama. Kwa hiyo msomaji akigeuza ukurasa kutaka kujua "nani kaua", hapohapo anajua pia "hawa wawili itakuwaje". Ndicho kiini cha riwaya za aina hii. Fumbo na pendo vinalishwa kwa dalili zilezile. Kitabu kikishindwa hapo, yaani ukiweza kuitoa ile busu na kesi ikaendelea kama kawaida, basi hicho kimebandikwa mapenzi kama stika.

Tazama kingine maarufu, A Good Girl's Guide to Murder cha Holly Jackson, cha 2019. Binti anaitwa Pip, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, anachukua kesi ya zamani ya mauaji kama utafiti wa shule. (Baba yake wa kambo ni Mnaigeria, na wale mabinti wangu waligundua hilo kabla yangu, wakafurahi kama wamekutana na ndugu.) Mji mzima unaamini muuaji ni kijana Sal Singh, ambaye naye kafa. Pip anakwenda kubisha hodi kwa nani? Kwa Ravi, mdogo wake Sal. Fundo ni lilelile. Na One of Us Is Lying cha Karen McManus, cha 2017, kinakaza zaidi: wanafunzi wanne wanashukiwa kifo cha mwenzao, na wawili kati ya hao hao washukiwa wanaanza kupendana. Unampenda mtu huku ukijiuliza kama ni yeye.

Kuna sababu nyingine ya kutumia fumbo, na hii nilimweleza mama kwa uangalifu sana. Kijana wa miaka kumi na sita hana ruhusa. Hana gari, hana usiku, hana pesa, na ana mtu wa kumuuliza umetoka wapi. Upelelezi unampa safari. Lazima waonane na yule kijana, lazima wapigiane simu saa nne usiku, lazima wakae wawili kwenye ngazi wakingojea mtu apite. Mapenzi yanaingia kwa mlango wa kazi. Mama akacheka, mara ya kwanza siku ile: "Hata sisi tulikuwa tunaenda kuteka maji."

Basi nikamwambia kweli kabisa, katika hicho kitabu mapenzi yenyewe ni kidogo. Mtu anayetafuta mabusu atarudishiwa pesa zake. Kuna damu zaidi kuliko mabusu.

Hapo msomaji wa nyumbani ataniuliza: sisi si tunavyo vyetu? Tunavyo, tena vya siku nyingi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960, na Bwana Msa na kiko chake mdomoni, na rafiki yake Najum pembeni, wakaingia kwenye vichwa vyetu. Akafuata Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, akafuata Elvis Musiba na Willy Gamba wake kuanzia Kufa na Kupona, 1974, akafuata Ben Mtobwa. Na sisi tuliokua miaka ya tisini na elfu mbili tulikuwa na hadithi za Eric Shigongo magazetini, mapenzi na mauaji na mwisho wake "itaendelea". Mimi nilikuwa nasoma gazeti lililofungiwa maandazi, halafu kipande cha mwisho hakipo. Mateso gani hayo.

Lakini angalia anayepeleleza ni nani. Bwana Msa ni mtu mzima, ana starehe yake na wakati wake. Willy Gamba ni jasusi wa serikali, anaruka kwa ndege, na wanawake katika riwaya zake wengi ni chambo au zawadi. Msichana wa sekondari humo ni maiti, au ni binti wa fulani, au analia. Yeye kushika kesi mwenyewe, akauliza watu wazima maswali wasiyotaka kujibu, ni jambo sikulikuta nilipokuwa nasoma. Si ajabu. Kwetu mtoto anayewauliza wakubwa "ulikuwa wapi usiku ule" atapata kibao kabla ya jibu. Kwa hiyo aina hii ya riwaya kwa Kiswahili inabidi itatue kwanza tatizo ambalo Pip hana: adabu. Binti atapelelezaje huku anaamkia shikamoo? Mimi naamini hapo ndipo utamu wake ulipo, maana anayeamkia vizuri anakaribishwa ndani, na anayekaa kimya jikoni anasikia mengi.

Ufundi mwingine nitaupitia haraka. Muuaji sharti awe ameonekana mapema, akiwa mtu wa kawaida kabisa, akikaribisha chai. Mwandishi anaruhusiwa kukuzuga, kukuonyesha mtu mbaya wa upande huu ili usitazame upande ule, ila haruhusiwi kukuficha dalili ambayo mpelelezi wake ameiona. Bwana Msa naye anaifuata sheria hiyo, kwa jumla.

Kinachonishughulisha zaidi ni mahali. Louisville si mji uliokosa waandishi wa upelelezi. Sue Grafton alizaliwa hapa mwaka 1940, akasoma University of Louisville, akaandika zile riwaya za alfabeti, A mpaka Y, akafariki Desemba 2017 kabla ya kuifikia Z. Lakini mpelelezi wake, Kinsey Millhone, anafanyia kazi mji wa kubuni wa Santa Teresa, California. Na kile cha Holly Jackson nacho kina kisa chake. Katika toleo la Uingereza kinatokea mji mdogo wa Kiingereza uitwao Little Kilton. Toleo la Marekani wachapishaji wakauhamishia Connecticut, wakauita Fairview. Yaani waliona kijana wa Marekani anahitaji kuona mitaa ya kwao. Nikawaambia mabinti habari hiyo, na mmoja akauliza bila kutabasamu: "Na sisi watatuhamishia lini Taylor Boulevard?"

Nikamjibu kwa haraka, kama mwalimu aliyejaa moto: andikeni wenyewe. Nikawapa mfano wa Firekeeper's Daughter cha Angeline Boulley, cha 2021, ambamo binti wa Kiojibwe wa Michigan anachunguza vifo katika jamii yake mwenyewe, anampenda kijana anayemficha jambo, na kila hatua anajiuliza ni siri ipi ya watu wake aitoe nje na ipi ibaki nyumbani. Nikasema, nanyi fumbo mnalo nyumbani, anzeni na makaratasi ya familia.

Hilo lilikuwa kosa langu, na ndilo hasa mama aliloniitia. Kitabu kilikuwa mlango tu. Chini ya mto, pamoja na kitabu, palikuwa na daftari.

Ngoja nieleze. Ukisoma vizuri utaona binti wa familia ya wakimbizi ni mpelelezi tayari. Yeye ndiye anayejua Kiingereza, kwa hiyo yeye ndiye anafungua barua, anajaza fomu, anatafsiri kwa daktari. Anaona ambayo hakupaswa kuyaona. Anaona kwamba baba, mama na kaka wote wamezaliwa Januari 1, kwa sababu aliyewaandikisha alihitaji kujaza siku na mwezi na hakuna aliyekuwa na cheti. Anaona jina la bibi limeandikwa namna tatu kwenye karatasi tatu. Anaona aliyemwita dada siku zote kumbe yumo kwenye orodha kwa cheo kingine, kwa sababu mtoto wa jirani aliyekufa njiani alichukuliwa akawa wa nyumba, na hapo hakuna uhalifu wala aibu, kuna huruma tu. Kwa mtunzi wa riwaya hayo ni dhahabu. Na binti wangu alikuwa ameyaandika, majina yote ya kweli, tarehe zote, akitafuta "dalili".

Na aliyaandika wakati gani? Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, hata safari zilizokwisha kupangwa zikafutwa. Mama ana dada yake bado yuko Nyarugusu. Katika hali hiyo, kukuta mwanao kaandika kwenye daftari kwamba nyumba yenu ina fumbo la makaratasi, tena kwa sababu dada mmoja wa maktaba kamwambia! Angenifukuza ningemwelewa. Yeye kanimiminia chai ya pili, ndipo akasema taratibu kwamba mambo mengine hakuyanyamazia kwa sababu ni uongo, aliyanyamazia ili watoto walale.

Sikuwa na la kusema. Nikaomba radhi. Baadaye, kwa sababu alikuwa bado anakitazama kile kitabu, nikamsimulia habari ya Tina, kwamba ni binti wa Kongo, na kwamba ili ajue nani alimuua mama yake ilibidi arudi kujua kilichompata mama huko walikotoka. Akanyamaza kidogo. Akauliza aliyeandika ni Mkongo? Nikasema hapana, ni Mmarekani, alifanya kazi za wakimbizi Afrika. Akauliza tena, "Alijuaje?" Nikasema alisikiliza watu, halafu akabuni. Hata ule mji akaubuni, ili asimguse mtu.

Na hapo mimi mwenyewe nikaelewa nilichokosea kukifundisha. Siri katika riwaya hizi haihitaji kuwa siri ya mwandishi. Inahitaji kuwa siri ambayo ikijulikana lazima watu wawili waangaliane upya, basi. Ukiweka ya kwenu umeandika hati ya mashtaka.

Jumamosi iliyofuata tulianza upya. Binti akararua zile kurasa mbele yangu, mama akaziomba azichome mwenyewe, na tukakaa kutafuta fumbo la kubuni. Alilolipata ni hili, na ameniruhusu niliseme. Fleti za kubuni, South End. Bahasha zinapotea kwenye masanduku ya barua: hundi, kadi za hospitali, barua za shule. Binti wa Kikongo na kijana wa Kikuba wanakutana kwenye foleni ya ofisi moja, kila mmoja kaja kumtafsiria mzazi, kila mmoja ana barua iliyopotea. Wanaanza kuchunguza. Na dalili zinaanza kuelekea kwa mjomba wa yule kijana, ambaye ndiye anayewasaidia wazee wa jengo zima kusoma barua zao. Mimi najua kama ni yeye au siye, ila nimekatazwa kusema.

Ana sura nne sasa. Anaandika kwa Kiingereza, jioni anamsomea mama yake kwa Kiswahili. City of Saints & Thieves nacho kimerudi chini ya mto, kwa ruhusa. Mama kasikiliza sura mbili za daftari jipya, malalamiko yake mpaka sasa ni moja tu: mbona huyo kijana wa Kikuba anaingia ndani bila kusalimia wakubwa? Binti ameifuta hiyo. Sasa anagonga, anavua kofia, anasalimia.